Oili Aliyoitaka Baba

Mwenzangu mmoja kazini amerithi gari la MG la miaka ya 1950, na tangu hapo kila shilingi yake huishia humo. Hivi karibuni alinijia na swali lililonirudisha Busisi. Gari lake lina supachaja, ile pampu inayosukumia hewa ndani ya injini ili nguvu iongezeke, nayo imekaa miaka mingi bila kuzunguka. Alitaka kujua aitie oili gani. "Wauzaji watatu wamenipa majibu matatu," alisema, "na kila mmoja ameapa."

Nilimwuliza kwanza kama supachaja hiyo ina oili yake yenyewe au inalishwa kutoka kwenye injini. Hakujua. Sikumcheka, maana mimi nilijifunza kuuliza swali hilo baada ya kuponea chupuchupu.

Baba yangu ana mashua ya mizigo pale Busisi, iliyokuwa ikileta mihogo, mkaa na abiria wachache kutoka Kisiwa cha Kome. Husukumwa na injini ya dizeli ya GM 3-71, yaani silinda 3, kila moja ya inchi za ujazo 71, ya ukoo ulioanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938. Ni injini ya mapigo mawili. Haiwezi kuvuta hewa yenyewe kama injini ya kawaida ya lori. Hupuliziwa na blowa iliyofungwa ubavuni, ya namna ile waliyoibuni ndugu wawili wa ukoo wa Roots huko Indiana na kupata hataza yake mwaka 1860. Blowa ya injini kubwa zaidi ya ukoo huo, 6-71, ndiyo vijana wa Marekani waliyoing'oa baada ya Vita Kuu ya Pili na kuifunga juu ya magari yao ya mashindano. Kwa hiyo mashua ya baba, iliyokuwa ikinuka dagaa, ina ujamaa na magari ya mbio.

Ndani ya blowa hiyo mna rota mbili zinazozunguka zikikabiliana, wala hazigusani, wala hazigusi kuta. Kwa kuwa hazigusani, hazihitaji oili hata tone. Zinazoihitaji ni gia na beringi zilizo miishoni, na kati ya hizo na chumba cha hewa kuna sili za kuzuia oili isivuke. Katika injini ya baba, oili ya gia hizo ni ile ile ya injini. Ukiichagulia injini, umeichagulia na blowa.

Baba hakutia ila oili namba 40, ya namba moja tu, yenye majivu yasiyofika asilimia 1, kama kitabu cha injini kilivyoagiza. Sababu yake si ukaidi wa wazee. Katika injini ya mapigo mawili kila pistoni inaposhuka imesukumwa na moto. Haina ule mshuko wa mapumziko, hivyo pini yake hubaki imebanwa wakati wote na huhitaji oili nzito isiyokatika. Oili ya namba mbili, kama 15W-40, hupata tabia yake kwa msaada wa dawa, na dawa hiyo husagika kwa kazi nzito. Tena viungo vinavyoifaa injini ya lori jipya huweza kuacha majivu kwenye ringi na valvu za moshi.

Mwaka 2016 baba alilazwa hospitali mjini Mwanza, nasi, mimi na mdogo wangu, tukaachiwa mashua. Nilikuwa mtu wa mjini, mwepesi wa kuamini kwamba kipya ni bora. Nikanunua dumu la lita 20 la 15W-40, la bei kubwa na maandishi ya dhahabu, nikavuka nalo kwa kivuko kutoka Kigongo kwa fahari ya mtoto anayempelekea mzazi zawadi. Tukamwaga oili ya zamani, tukajaza mpya hadi juu ya alama ya kijiti, tukidhani wingi ni ukarimu. Baada ya siku tatu ilikuwa imepungua. Nikaongeza. Moshi ulikuwa wa buluu. Nikasema injini inajisafisha.

Jioni moja mdogo wangu alikuwa akiipasha moto ufukoni, abiria wanane wamekwisha kupanda. Injini ikaanza kupandisha sauti bila kuguswa. Akafunga dizeli. Sauti ikazidi kupanda, mbao za mashua zikatetemeka, akina mama wakaanza kurusha watoto wao kwa watu waliosimama kwenye maji ya magoti. Sili za blowa zilikuwa zimekwisha. Oili ilikuwa ikivuka, ikipulizwa pamoja na hewa hadi ndani ya silinda, na huko ikiungua kama dizeli. Injini ya namna hiyo haizimwi kwa kunyimwa mafuta, kwa sababu inajila yenyewe. Huzimwa kwa kunyimwa hewa.

Kwenye mdomo wa hewa kuna kifuniko cha dharura kinachovutwa kwa waya. Mdogo wangu aliuvuta. Kikajifunga, na injini ikakata roho. Mimi, nasema kwa aibu, nilikuwa nimekwisha kuruka majini.

Tulipomsimulia baba kitandani hakufoka. Aliuliza kama kuna aliyeumia. Kisha akauliza, "Mliitia oili gani?" Nikamwambia. "Na blowa mliitazama?"

"Hatukuitazama, Baba."

Akatueleza polepole, kama anayesomesha watoto. Unafungua mdomo wa hewa, unaiacha injini izunguke taratibu, unamulika miisho ya rota kwa tochi, mikono yako ikiwa mbali. Ukiona utando wa oili unatambaa kutoka kwenye shafti kwenda nje, sili imekufa. Hapo huhitaji oili mpya, unahitaji fundi. Kuhusu kifuniko, alisema kukifunga injini ikiwa katika kasi huweza kuifyonza oili kupitia kwenye sili, ndiyo maana hakitumiki kuzimia injini kila siku. Lakini yeye alikuwa akikijaribu injini ikiwa imezimwa na kukipaka grisi kila Jumapili.

Nisiisingizie oili yangu. Sili zilikuwa zimechakaa kabla sijavuka na dumu langu, na hata oili 40 ingeungua vile vile. Kosa la 15W-40 lingejitokeza baadaye, kwenye ringi. Kosa langu lilikuwa kuona oili inapotea na kuuliza ipi ni bora zaidi, badala ya kuuliza inakwenda wapi.

Mwenzangu alirudi nyumbani akasugua kibati cha supachaja yake. Ni Shorrock. Hiyo hulishwa oili ya injini kwa mrija mwembamba, basi oili iliyoagizwa kwa injini ya MG ndiyo yake, na mrija lazima uzibuliwe kabla ya kitu kingine. Nyingine zina oili yao pekee. Paxton za Marekani, kwa mfano, hutiwa oili ya giaboksi za otomatiki. Huenda wale wauzaji watatu walisema kweli wote, kila mmoja kwa supachaja aliyoifikiria.

Daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na maji tuliyokuwa tukiyapangia foleni sasa huyavuka kwa dakika chache. Mashua imepungukiwa na kazi, lakini injini ingali ikiwashwa. Mwezi uliopita nilimpelekea baba dumu. Macho yake yamefifia. Alilipakata, akapapasa karatasi yake kwa kidole gumba.

"Nisomee."

Nikasoma: namba 40, CF-2.

"Na majivu?"

Hayakuandikwa kwenye dumu. Nilikuwa nimemwomba muuzaji karatasi ya maelezo. Nikaitoa mfukoni, nikamsomea tarakimu moja moja. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mdogo wangu alete tochi.