Mkunga katika Tangi la Kioo

Wanachuo wengi hudhani kwamba kiumbe afaaye kufugwa kwa ajili ya somo la sayansi ni yule aonekanaye wakati wote, kama vile sungura au njiwa. Sisi twapendekeza mkunga wa mtoni, samaki ambaye mchana kutwa hujificha. Tulimfuga mmoja nyumbani kwetu, jirani na shule, na wanafunzi wa darasa la tano wakawa wanakuja kwa zamu kumtazama.

Tangi lilikuwa la kioo, lenye urefu wa mita 1. Chini tulitandaza mchanga laini, tukalaza kipande cha bomba kiwe pango lake. Maji ya mfereji tuliyaacha wazi mchana na usiku ili klorini ipungue. Kifuniko tulikigandamiza kwa mawe, kwani mkunga hupenya katika mwanya mdogo, na ngozi yake ikiwa na unyevu huweza kuishi nje ya maji kwa muda.

Kazi kubwa ilikuwa chakula. Kwa siku 9 hakula kitu. Wanafunzi walisikitika, wengine walitaka achokolewe kwa kijiti, wengine walileta ugali. Tuliwauliza: Huko mtoni hula nini, na wakati gani? Wakachimba nyungunyungu, wakamtilia jua lilipokwisha kutua. Siku ya 10 alitoa kichwa, akanusa, akameza. Tangu hapo tulimlisha mara 3 kwa juma, nyungunyungu au vipande vya samaki mbichi, kwa kiasi cha kumalizwa usiku ule ule. Masalio tuliyaondoa asubuhi, maana yakioza huharibu maji.

Wapo waliosisitiza kuwa yule ni nyoka. Hatukuwakanusha, bali tuliwaagiza wachore walichokiona. Katika kuchora waligundua mapezi, na matamvua yakipitisha maji, wakajisahihisha wenyewe.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Mkunga wa mito yetu, kama Pangani na Rufiji, huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, hupanda mtoni angali mdogo, hukaa huko miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa. Tangini hawezi kuzaa. Wanafunzi walijadili jambo hilo kwa siku mbili, na baadhi yao walimlilia. Hata hivyo waliamua wenyewe kwamba arudishwe pale alipovuliwa, nasi tukamrudisha muhula ulipokwisha.

Ndugu wanachuo, katika kila darasa mtamkuta mtoto anyamazaye mbele ya wenzake, asiyegusa kile mnachompa. Msiharakishe kumwita mzito. Chunguzeni kwanza ni chakula gani apendacho, na ni wakati gani hutoka pangoni mwake.