Mikato Mitatu

Msalaba wa shaba wa kambo yangu niliuharibu mimi mwenyewe. Ilinichukua alasiri moja katika karakana yangu hapa Kolwezi, na muda wote nilikuwa nikiimba. Nimekaa na jambo hili miaka minne. Leo nalisema, kwa sababu mafundi wenzangu, na wale wanaotupa kazi ya kupamba nyumba zao, nawaona wakilikaribia kosa lile lile.

Kazi yangu ni kugonga shaba. Bati la shaba nalilaza juu ya lami laini, natembeza patasi butu na nyundo upande wa nyuma mpaka picha itokeze mbele: mama anayetwanga, mtumbwi, tembo. Kisha nageuza, nasawazisha, natia weusi mabondeni, nang'arisha vilele na kumalizia kwa vanishi. Picha hizo utazikuta katika sebule nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, jirani na visanduku na vinyago vya malakiti. Lakini miaka ya karibuni wateja wameanza kuomba kitu kingine. Wanataka kitu cha wazee, kilichoshikwa na mikono mingi, ila kikae ukutani kama kimenunuliwa jana.

Kambo, kwa Kiswahili chetu, ni nyanya: mama aliyemzaa mama yangu. Anaishi Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, kule Kapanga, kaskazini ya jimbo letu la Lualaba. Alishuka Kolwezi kutibiwa macho, baada ya safari ndefu ya lori na vumbi. Asubuhi ya kuingia hospitali alifungua furushi lake, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitenge.

"Unichungie hii kintu," akaniambia. "Njo mali ya mama yangu."

Ulikuwa msalaba wa mikono minne inayokatana kama herufi X, urefu wake kama shubiri, uzito wake ukikaribia kilo. Kila mtoto wa Katanga analijua umbo hilo. Hata bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 ilichorwa misalaba mitatu ya namna hiyo. Wasanga na mafundi wengine wa nchi ya shaba waliitengeneza tangu zamani. Kiangazi walikusanya jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba kwenye kalibu. Misalaba ilikuwa fedha, ilikuwa kodi iliyopelekwa kwa wakubwa, ilikuwa mahari. Katika makaburi ya mahali paitwapo Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958, ilikutwa imelazwa pamoja na wafu, mingine karibu na mikono yao.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nikiwasimulia wateja wangu ili waelewe kwa nini shaba yetu ina thamani. Niliijua historia ya misalaba. Huu mmoja sikuuliza umetoka wapi.

Ulikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, na kijani kwenye pembe. Nikausugua kwa limao na chumvi, kisha kwa msasa, mpaka wekundu ukatoka. Kwenye ukingo wa mkono mmoja palikuwa na mikato mitatu, midogo kama alama za meno ya panya. Niliidhania majeraha, labda ya shoka. Nikaipitishia grainda hadi ukingo ukawa laini. Nikatoboa tundu katikati kwa drili, nikapachika mashine ya saa ya betri, nikafunga mishale miwili, nikapaka vanishi mara mbili na kuutundika sebuleni. Uling'aa hata taa ikiwa imezimwa. Niliupenda.

Nikisema nilitaka tu kumfurahisha kambo, nitakuwa nimeungama nusu. Jioni ile mteja mmoja alikuja kuchukua picha yake, akauona, akauliza bei. Nikamtajia. Kitu nilichopewa kukichunga nilikitajia bei, naye akaahidi kurudi na pesa wiki ile ile. Kama kambo angekaa hospitalini siku tatu zaidi, msalaba ungekuwa kwenye ukuta wa mtu mwingine.

Alirudi jicho moja limefungwa bandeji, la pili likiona ukungu. Aliuomba mzigo wake. Nikaushusha ukutani, nikauweka mapajani mwake, nikasubiri sifa. Hakuutazama, asingeweza. Kidole gumba chake kikaanza kutembea ukingoni. Kilipita mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kikarudi mwanzo. Kilizunguka hivyo mara tatu, huku saa ikitembea chini ya kiganja chake.

"Beko wapi?" akauliza.

"Nani, kambo?"

"Bale bamama batatu. Beko wapi?"

Ndipo nikasikia habari ambayo ningeweza kuisikia wiki moja kabla, kwa kuuliza swali moja. Msalaba ule uliletwa Musumba na ukoo wa Kisanga, mahari ya bibi yake kambo. Siku alipoolewa, bibi huyo alikata mkato wa kwanza kwa mkono wake. Binti yake, mama wa kambo, alikata wa pili. Wa tatu alikata kambo. Mama yangu alifariki bila kukata wake, na zamu ilikuwa imemfikia dada yangu. Kambo, ambaye macho yake yalianza kufifia zamani, alikuwa akiwasoma wale wanawake kwa kidole kila jioni.

"Umefuta jina ya bamama betu," alisema. Hakupaza sauti.

Kwa Walunda maneno hayo ni mazito. Kwetu anayerithi cheo hurithi jina la aliyemtangulia na undugu wake pia. Machifu wawili wataitana kaka na mdogo kwa sababu walioanzisha vyeo vyao walikuwa kaka na mdogo, hata karne zikipita. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Nilijua kwamba kwetu jina hubebwa, hukabidhiwa, hupokewa. Lakini nilikuwa nimezoea kutafuta urembo katika kile kinachong'aa, na mikono yangu ikazoea kuondoa kila kisicho laini. Jicho la fundi liliona kasoro mahali palipoandikwa ukoo wangu.

Tangu hapo nafanya kazi kwa namna nyingine. Anayetaka msalaba wa ukutani namyeyushia mpya, kwa mabaki ya bati langu mwenyewe. Shaba inahitaji joto la nyuzi 1,085 za Selsiasi ili iyeyuke. Naimimina kwenye mchanga, na nyuma nagonga mwaka, asije mtu akauuza kama wa kale. Mteja huyo nampa drili, saa, vanishi, chochote apendacho. Akija mtu na kitu cha wazee, siweki mkono kabla hajanijibu: nani alikupa, nani alikishika kabla yake, alama hizi ni za nini? Kama hajui, namwomba ampigie simu mzee wa nyumbani mbele yangu. Limao halikigusi. Ile ngozi ya kijani huota polepole kwa miaka mingi, na huondoka kwa dakika chache. Ninachotengeneza ni mahali pa kukiweka: kishikio cha mbao kisichotoboa, rafu ndogo, kitambaa cheusi nyuma yake. Sebule hupendeza hivyo hivyo.

Mashine ya saa niliing'oa siku ile ile. Vanishi niliitoa kwa siku mbili. Mteja nilimwambia kitu kile hakikuwa changu kukiuza. Wekundu wa shaba umeanza kurudi kahawia. Kijani atakiona mjukuu wa mtu. Tundu litabaki. Niliomba niikate upya ile mikato mitatu mahali pake, kambo akakataa, kwa kuwa kila mkato ulikatwa na mwanamke mwenyewe siku ya ndoa yake.

Dada yangu anaolewa kiangazi kijacho, Musumba. Atakata mkato wake kwenye ukingo mtupu. Kabla hajakata, kambo amenipa kazi: nisimame mbele ya koo zote mbili, nitaje majina ya wale mama watatu, kisha nieleze ni nani aliyeyafuta na tundu lile lilitoka wapi. Majina nimeyakariri. Hayo mengine nayaanza hapa.