Giningi ya Kitabu cha Pili

Vitabu vya Bwana Msa ukivipanga kwa miaka, majina yake peke yake ni hadithi. Cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka 1960. Cha pili, Kisima cha Giningi, 1968. Baada ya hapo mizimu na wachawi huwaoni tena kwenye majina: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, mpaka Kosa la Bwana Msa, 1984. Ni kama Muhammed Said Abdulla alianzia kuzimuni, akamalizia majumbani mwa watu. Mimi nimekwama kwenye kitabu cha pili, pale kisimani.

Asiyekulia Unguja huenda haijui Giningi. Ni mji wa wachawi. Kwetu tuliambiwa kwamba mtu akichukuliwa huko, mnaona kafa, mnamwosha na kumzika, kumbe mlichozika ni gogo la mgomba. Mwenyewe yuko Giningi anatumikishwa, hai. Tulipokuwa wadogo jina hilo lilitosha kuturudisha ndani baada ya magharibi.

Sasa mwandishi mzaliwa wa Makunduchi anapokupa kitabu chenye jina hilo, unatarajia nini? Mimi nilitaka kushuka. Nilitaka kuziona njia za Giningi, soko lake, na zaidi ya yote watu wake waliochukuliwa. Badala yake nikamkuta Bwana Msa yule yule na kiko chake, Najum pembeni akishangaa kwa niaba yetu sote, na mwisho wa yote, palipotajwa uchawi pana binadamu. Kwenye semina yetu ya uzamili jambo hili lilisifiwa sana. Mwandishi anapiga vita ushirikina, tuliambiwa, na hata Sherlock Holmes katika kisa cha mbwa wa Baskerville, 1902, alitishwa kwa mbwa wa kishetani akaja kukuta mbwa wa kawaida aliyepakwa dawa ya kung'aa. Ndiyo kanuni ya hadithi za upelelezi. Nimeyaandika hayo kwenye pendekezo langu la tasnifu, na nayaamini.

Ila nina ami yangu.

Alitoka na ngalawa siku moja ya kusi, nikiwa darasa la sita. Ngalawa ilionekana. Yeye hakuonekana. Walimtafuta siku nyingi, kisha ikasaliwa sala ya ghaibu, ikasomwa hitima. Bibi yangu alipika, akapakua, akashukuru waliokuja, na shati la mwanawe hakulitoa msumarini. Mpaka leo hasemi kwamba amekufa. Husema, "Kachukuliwa." Baba yangu hukasirika, humwambia mama yake kwamba maneno hayo ni shirki. Bibi hamjibu, na jioni huswali swala zake zote kwa wakati kuliko yeye.

Ndiyo maana nilipopata likizo nikapanda daladala ya Makunduchi na Kisima cha Giningi mkobani, sikuwa na hakika ninampelekea zawadi au hukumu. Bibi husoma msahafu vizuri, lakini herufi za skuli hakuzisoma. Yeye husokota kamba za makumbi, mimi namsomea. Tulikwenda hivyo siku nne. Alimpenda Najum. "Huyu mtu wa kweli," alisema, "mwenziwe anajua sana." Kila nilipofika penye jina Giningi mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Siku ya nne nilifikiria kuziruka kurasa za mwisho. Sikuziruka. Nilipofunga kitabu alikaa kimya mpaka nikadhani kasinzia.

"Huyo Bwana Msa wenu ana akili," alisema.

"Anayo, bibi."

"Lakini yeye ana watu wa kuwauliza. Huyu alikuwa wapi, yule alikula nini. Bahari angeiulizaje?"

Sikuwa na jibu.

"Nipe maiti, mjukuu wangu, na mie nitajua kufikiri kama yeye."

Katika yote niliyoyasoma juu ya kitabu hiki, sijakutana na mtu aliyeuliza Giningi inamsaidia nani. Tunauliza tu inamdanganya nani. Hapo ndipo kitabu cha pili kinaponipungukia, ingawa bado nakipenda, na ingawa lugha yake inanifanya nione haya kwa Kiswahili changu cha ofisini. Bwana Msa ana huruma na waliodhulumiwa. Walioamini huwacheka kidogo. Mwenye kaburi la kuzuru ni rahisi kumcheka asiye nalo, nami nadhani baba hukasirika kwa sababu yeye pia hana.

Niliporudi Mjini nilifuta sura ya pili ya tasnifu, ile niliyoiita "Ujinga na Mwanga". Sijui msimamizi wangu atasema nini. Ninayo wiki mbili za kuandika nyingine.

Siku ninaondoka Bibi aliniuliza kama kipo kitabu cha tatu, nikamwambia kipo.

"Kinaitwaje?"

"Duniani Kuna Watu."

Akauvuta uzi wa makumbi, akautazama kama umekaza. "Basi ukija tena kilete," alisema. "Na uje mapema, taa yangu inakula mafuta."