Chumvi Aliyoila Bibi

Adabu ya mtu hupimwa pale anapouliza jambo lisilomhusu. Hilo nilifunzwa Guangzhou, kusini mwa Uchina, mwaka 2014, nilipokwenda kununua vitambaa.

Katika mtaa wa Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wengi kutoka Afrika, fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akinitilia zipu kwenye mkoba. Kikantoni changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikakusanya maneno niliyokuwa nayo, nikamwuliza: “Gei do seoi?” Yaani, miaka mingapi? Akacheka, asijibu.

Kijana aliyekuwa akinitafsiria akaniinamia. “Hivyo huulizwa mtoto, au rika lako. Mzee huulizwa *gou sau*, maisha yake marefu.” Mgeni wa heshima huulizwa *gwai gang*, umri wake wa thamani. Na ukitaka kuikwepa namba kabisa, uliza mnyama wake: *suk me?* Kila mwaka una mnyama wake, nao ni 12 wanaopokezana. Mwenyewe hutaja mnyama tu. Mwulizaji hupiga hesabu kimoyomoyo.

Nikajaribu tena. “Popo,” nikaanza, neno ambalo kwao ni bibi, ingawa kwetu ni mnyama wa usiku, “suk me?”

“Maa,” akajibu. Farasi. Mwaka ule wenyewe ulikuwa wa Farasi. Basi alikuwa ametimiza miaka 60, au 72. Nikaitazama mikono yake, nikachagua 72, nikanyamaza.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu bibi yangu wa Unguja. Nasi tuna adabu hiyo: hatusemi fulani kazeeka, twasema amekula chumvi nyingi. Nilikulia mapajani mwake, nikaona haya kumwuliza chumvi hiyo ameanza kuila lini. Alipofariki, karani alitaka mwaka wa kuzaliwa apate kuandika cheti. Tukatazamana. Mjomba akakisia, karani akaandika, na kisio hilo ndilo likawa umri wa bibi yetu.

Miaka yote hiyo nilikihesabu kimya changu kuwa ni heshima. Kumbe njia ya kuuliza ilikuwepo, tena kwa lugha yetu wenyewe. Ningemwambia tu: “Bibi, Mapinduzi ya 1964 yalikukuta na watoto wangapi?” Angenihadithia hadi usiku uingie, nami ningepiga hesabu kimoyomoyo.