Na Hayo Matairi Yako Yote

Wacha nianze na ile siku, kwa sababu nikianza na raha ya matope mtanisifu na sitafika ninakotaka kufika.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya Oktoba, ile inayoshuka baada ya wiki nyingi za vumbi na kuifanya lami iwe kama imepakwa sabuni. Saa kumi na mbili jioni, Lang'ata Road. Nimetoka upande wa Bomas, nimepita Galleria, naelekea Hardy. Sikuwa naenda mbio, na hilo ndilo linaloniuma. Pikipiki mbele yangu ikapunguza mwendo, nami nikaona nikiwa nimechelewa kwamba inampisha mama mmoja kwenye kivuko. Ana mfuko wa unga mkononi, leso kichwani. Nikakanyaga breki. Nikangoja gari lisimame, na halikusimama. Mguu uko chini kabisa, usukani umenyooka, na bado tunaenda tu, pole pole, kama gari lenyewe limeshaamua.

Liliposimama lilikuwa limepita mstari wa kwanza mweupe. Kati ya bampa na goti la yule mama ungeweza kuweka ndoo moja. Labda.

Hakupiga kelele. Aliangalia gurudumu la mbele, akalikagua kama mtu anayenunua mbuzi sokoni: yale meno makubwa, zile pembe zinazotokeza nje ya bodi. Kisha akaniangalia mimi.

"Wewe kijana. Na hayo matairi yako yote!"

Akavuka. Nilisema "pole sana, mama", lakini dirisha lilikuwa limefungwa.

Kwa wageni wa hapa: naishi Karen, lakini si ile Karen ya farasi. Tumekodi nyumba ndogo ya nyuma kwenye kiwanja cha watu, mimi na Mama, ambaye ni matroni wa shule. Gari ni Suzuki Jimny kuukuu ambalo mjomba alituachia alipohama. Chuo niliacha mwaka wa pili, hadithi hiyo mshaisikia mpaka mmechoka. Msichojua ni kwamba pesa yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa kontenti sikumpa Mama. Niliibeba yote hadi Kirinyaga Road nikanunua matairi manne ya matope, yale wasee huita MT. Mama alizunguka gari mara moja, akahesabu nati tano kila gurudumu, akasema, "Basi digrii yako ndiyo hii. Ina nati 20."

Nitetee kidogo matairi yenyewe, kwa sababu si ya bure. Ukitoka Karen ukapita Kiserian, hata saa moja haiishi kabla hujafika Kona Baridi, ambapo Magadi Road inaanza kuteremka kuingia Bonde la Ufa. Huko ni mawe na miiba ya migunga. Ukigeukia nyanda za Kajiado mvua ikiwa imenyesha, unakutana na udongo mweusi, na huo udongo hauna urafiki. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukinywa maji unavimba na kuwa gundi. Tairi la kawaida linajaa udongo kwenye mifereji yake mpaka linakuwa laini kama mandazi, halafu linazunguka papo hapo bila kushika chochote. Tairi la matope lina meno makubwa yaliyoachana, na yale mapengo katikati ndiyo siri yake: likizunguka linautema udongo nje, na jino linalofuata linashuka likiwa safi. Mara ya kwanza nilipotoka kwenye shimo ambalo Land Cruiser ya mtu ilikuwa imelala, nilipiga kelele mpaka maiki ikakoroma. Ile video ndiyo iliwaleta wengi wenu hapa.

Lakini nilikuwa nahesabu Jumamosi peke yake. Wiki ina siku saba, na matairi hayavuliwi kama viatu mlangoni.

Jumatatu nampeleka Mama kazini. Jumanne ni duka, Jumatano ni kliniki ya goti lake, ambalo sasa lazima lipande gari lililoinuka. Yale mapengo yanayotema udongo kule Kajiado, huku kwenye lami maana yake ni kwamba mpira unaogusa barabara ni kidogo. Tena tairi la kawaida lina vijichanjo vingi vyembamba vinavyosaidia kushika lami yenye maji. Yangu yana vichache mno. Sikulijua hili nilipokuwa nanunua. Sikuuliza, na muuzaji hakuwa na haraka ya kuniambia. Alichoniambia ni kwamba "yanatisha".

Na kuna mambo madogo yanayokula mtu pole pole. Kelele, kwanza. Ukifika kilomita 60 kwa saa gari linaanza kuimba, noti moja tu, kama nyuki wamefungiwa kwenye debe. Sauti yangu nikirekodi njiani haitumiki tena. Petroli inaisha mapema, kwa sababu matairi ni mazito na hayapendi kubingirika. Halafu kuna kipima mwendo kinachodanganya. Jimny langu lilikuja na matairi ya 205/70R15, mimi nikaweka 215/75R15, ambayo yamezidi kimo kwa asilimia tano hivi. Kipima mwendo hakijui hilo. Kikiniambia 80, mimi niko 84. Kwa hiyo ninaposema jioni ile sikuwa naenda mbio, elewa kwamba nilikuwa naenda mbio kidogo kuliko nilivyodhani, kwa matairi yanayosimama kwa umbali mrefu kuliko nilivyodhani. Mtu anayevuka barabara ndiye anayelipa hiyo tofauti.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua tochi ya simu nikachuchumaa kando ya gari kusoma ubavu wa tairi, kitu ambacho ningefanya dukani kama ningekuwa na akili badala ya kamera. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho wa ule mstari, utaona tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalisema 3517. Wiki ya 35, mwaka wa 2017. Nilikuwa nimeuziwa "mapya", na kweli hayakuwa yametembea, lakini yalikuwa yamekaa miaka mahali fulani yakigeuka magumu, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Upande mmoja tu ndio uliokuwa na tarakimu kamili, na bila shaka niliyafunga upande huo ukitazama ndani. Nilijipaka matope mpaka kwenye nyusi nikisoma.

Wasee wa hapa huniuliza, mbona wale wa Rhino Charge wanaendesha matairi kama hayo na hulalamikii? Nilikuwa najiuliza hivyo pia. Rhino Charge ndiyo iliyonipa huu ugonjwa. Ilianza 1989 kuchangia uzio wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare kulinda faru na wanyama wengine, na uzio huo, takriban kilomita 400, ukakamilika 2009. Michango bado inaendelea kwa misitu mingine. Hakuna barabara mle. Unapewa vituo na saa kumi, na mshindi ni anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa kasi. Ni kitu kizuri sana, sitanii. Lakini angalia vizuri siku za kwenda: mengi ya yale magari yanafika yakiwa yamebebwa, juu ya lori au trela. Mwenyewe anakuja nyuma na gari lingine, lenye matairi ya kistaarabu, akisikiliza redio. Hakuna anayelipeleka lile dude kununua maziwa. Mimi niliiga gari nikasahau kuiga lori.

Kosa lingine lilikuwa kununua manne. Tairi la tano, la akiba, nikaliacha lile la zamani, dogo. Wiki chache kabla ya ile mvua nilikuwa nimepita Olorgesailie, nimeshusha upepo mpaka 20 ili gari lisiruke ruke kwenye mawe. Ilikuwa raha, mpaka jiwe moja likachana ubavu wa tairi la nyuma. Ubavu hauzibwi. Nikafunga lile dogo nikapanda mlima wote kurudi nikiwa na magurudumu ya vimo tofauti. Fundi wa Kiserian alinifokea kama mwanawe: "Kijana, ukiingiza foo-wili hivyo kwenye lami, hiyo giabokisi utaibeba kwa mfuko." Magurudumu yasiyolingana yanazunguka kwa mwendo tofauti, na kwenye barabara kavu hayana pa kutelezea, kwa hiyo vyuma ndani ndivyo vinavyovutana. Hilo nililijua. Nilikuwa nimelijua kwa video nzima, dakika 11, nikiwaeleza nyinyi.

Baada ya mama wa kivukoni nilitaka kuyauza yote. Nikapiga picha za tangazo. Kisha nikafikiria: nitayauza kwa kijana mwingine kama mimi, atayafunga, na mvua itanyesha. Nikafuta picha. Wengine mtasema ningenunua yale ya katikati, ya lami na changarawe, nimalize maneno. Ni ushauri mzuri, na kwa watu wengi ndio jibu. Mimi sikuwa na pesa ya seti nzima mpya, na kusema ukweli, udongo wa Kajiado huyameza hayo pia.

Nilichofanya ni kazi ya mikono. Matairi ya zamani ya mjomba yalikuwa bado nyuma ya nyumba, chini ya turubai, yana maisha na umri wake si mbaya. Nikatafuta rimu nne za chuma zilizotumika, fundi akayafunga na kuyasawazisha. Ya matope nikayasukuma ukutani, na moja nikaliweka kando kabisa. Huyo wa 2017 hatashuka tena Lang'ata Road nikiwa nyuma ya usukani. Nitayabadilisha moja moja pesa ikija, nikianza na yale ya mbele.

Sasa kila Ijumaa jioni, kama kuna safari, natoa jeki. Nati 20 kutoka, nati 20 kurudi, halafu nasimama mahali Kiserian nazikaza tena kwa sababu baada ya mwendo hulegea. Askari wa geti, mzee ambaye hajawahi kuona sababu ya mtu kwenda kutafuta matope kwa makusudi, hunishikia tochi. Hesabu yetu nzuri kabisa ni dakika 40. Jumapili usiku tunarudia kinyume, hata kama nimechoka, hata kama Jumatatu ni jua. Barabara za Karen hazina mahali pa kutembelea kwa miguu sehemu nyingi, na saa kumi na mbili jioni zinajaa watu waliotoka kufua na kufyeka kwenye nyumba kubwa, wanaelekea Kuwinda, wanaelekea Ngong, wanapita pembeni kabisa ya kioo changu. Nilikuwa nikiwapita kila siku na sijawahi kuwaingiza kwenye video hata moja.

Yule mama namtafuta kwa macho kila nikipita pale. Nadhani nilimwona mara moja, lakini leso zinafanana.

Mama yangu analalamika. Zamani, anasema, alikuwa akisikia matairi tangu Hardy, anajua nimefika, anageuka upande na kulala. Sasa naingia kimya. Juzi nilimkuta amekaa sebuleni saa tano usiku, taa imezimwa, simu mkononi.

"Si unipigie ukikaribia," akasema. "Hilo gari halisemi tena."