Dola za Mubi, Viwanja vya Sake

Baba yangu hakulipa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja maishani mwake, wala hakununua kiwanja. Alipotaka kuoa, wazee wa ukoo walimpeleka kwa shefu wa kijiji, huko milimani juu ya Masisi-Centre, mashariki mwa Kongo, wakiwa na mbuzi na pombe ya kasiksi ya kutosha, akaonyeshwa mahali. Vijana wa rika lake wakakata miti, wengine wakachimba udongo, wanawake wakateka maji ya kuukanda, na mvua kubwa ilipoanza nyumba ilikuwa imesimama. Gharama yake ilikuwa kuwalisha watu hao, na deni la kwenda kuwajengea wao zamu yao ikifika. Ungemwuliza nyumba ile ilikuwa ya bei gani, angekutazama kama mtu aliyeuliza bei ya mjomba wake.

Sisemi enzi hizo zilikuwa pepo. Asiyekuwa na shefu wa kumtambua hakuwa na mahali. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Gishari familia nyingi kutoka Rwanda kupitia Mission d'Immigration des Banyarwanda, na milima mingine ya Masisi wakaikata kuwa mashamba ya walowezi. Mobutu alipotangaza Uzairishaji Novemba 1973, mashamba mengi yakaangukia mikononi mwa wakubwa, na majani ya chai au pareto yakawapisha ng'ombe. Niliwajua watu waliojenga pembezoni mwa mashamba hayo, ambao kila juma walitoa siku zao kumlimia mwenye shamba ili wasifukuzwe. Hawakuita jambo hilo kodi, lakini ukilipigia hesabu ya jembe, lilikuwa kodi nzito kuliko nyingi nilizolipa mimi baadaye.

Mwaka huohuo wa 1973, tarehe 20 Julai, ilikuwa imetoka sheria ya ardhi iliyosema udongo wote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi za vijijini, ambazo watu walikaa kwa mila, iliahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki zao. Vizazi viwili vimekua vikiisubiri amri hiyo. Kwa hiyo kiwanja kimoja kikawa na milango miwili: wa mwami na mashefu wake, na wa ofisi ya hati mjini Goma. Aliyeingia kwa mlango wa ofisi akapata cheti cha uandikishaji, na baada ya miaka miwili kwa sheria cheti chake hakikuweza tena kupingwa, hata kama watu waliokuwa wakilala juu ya ardhi hiyo hawakuwahi kukisikia. Baba hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na majirani waliojua mpaka wake unapita mti gani.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwetu kuwa mpangaji. Nilikwenda Walikale, jirani na Masisi, kufundisha sekondari, nikakaa katika mji wa Mubi. Kwa ramani, Walikale ni kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Mtu angedhani huko nafasi ni ya kumwaga na nyumba ni rahisi. Lakini tangu 2002 kasiteriti ya mgodi wa Bisie ilikuwa imegeuza kila kitu. Mawe yalibebwa mgongoni kupita msituni hadi Ndjingala, yakapelekwa Kilambo ambako ndege zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami, na ndege hizohizo zikaleta bia, sukari, nguo na manjanja ya kuezekea. Kila kitu kilichopanda ndege kilishuka kikiwa ghali. Bati likiwa ghali, nyumba ikawa ghali, na chumba cha mbao kisicho na dari kikawa cha kugombaniwa.

Kodi ilitajwa kwa dola. Mshahara wangu, ulipofika, ulifika kwa faranga. Kilichonifanya niweze kulala ndani ya chumba kile ni fedha ambazo wazazi wa wanafunzi walichanga kila mwezi, ile tuliyoiita primu, na wazazi hao wengi walikuwa wachimbaji au walikula kwa wachimbaji. Siku moja negosia wa madini alifika, akataka vyumba vyote vitatu vya ua wetu, akalipa miezi mingi mbele. Mwenye nyumba alinieleza kwa upole mkubwa: "Mwalimu, weye ni mutu wetu, lakini huyu analipa." Nikahamia kwa mjomba wa mama, nyuma ya mji, na kila asubuhi nikatembea.

Kisha Septemba 2010 Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Negosia aliondoka, wauza bia wakaondoka, na vyumba vya Mubi vikabaki na kufuli tu. Mwenye nyumba yule alinitafuta shuleni, akanipa bei ambayo mwaka uliotangulia ningeirukia. Sikuweza kuilipa. Primu ilikuwa imekauka pamoja na mgodi. Agizo liliondolewa Machi 2011, lakini miezi ile ilinifundisha zaidi kuhusu bei ya nyumba kuliko kitabu chochote: kodi na kipato changu vilikuwa vikinywa mto mmoja, na ulipokauka vilikauka pamoja.

Baadaye nilisoma kwamba huko Marekani wana kipimo. Mwaka 1969 walisema mpangaji wa nyumba za umma asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981 wakapandisha hadi asilimia 30, na siku hizi mashirika mengi duniani hutumia kipimo hicho kuamua kama nyumba za wilaya fulani zinamudika. Ni kipimo kizuri kwa mtu ambaye kipato chake cha mwezi ujao kinajulikana. Nilijaribu kukitumia kwa familia niliyopanga nayo ua mmoja niliporudi Masisi-Centre. Baba aliendesha pikipiki, mama aliuza maharage. Juma moja barabara ilifungwa kwa risasi, juma lililofuata wakapata maradufu. Asilimia 30 ya nini? Tena nyumbani mwao walilala shangazi na watoto wake waliokimbia kijiji, ambao hawakulipa kitu na hakuna aliyewadai. Tangu mauaji ya sokoni Ntoto, Walikale, Machi 1993, na vita vilivyopanda Masisi baada ya hapo, sehemu kubwa ya watu wetu walio bila nyumba wamepokewa hivyo, na hakuna hesabu ya kodi inayowaona.

Miaka hiyo Masisi kulikuwa na magari mengi ya mashirika ya misaada, na nyumba yoyote yenye sementi na geti iliwekewa bei ya mgeni. Sitawalaumu sana, bila hospitali zao wangekufa wengi. Ila wenye nyumba walijifunza hesabu ya dola na hawakuisahau hata mashirika yalipopungua. Mwaka 2015 dola moja ilipata faranga 920 hivi, na kufikia 2024 karibu 2,800. Kodi ya dola ileile, kwa mtu wa faranga, ilikuwa imepanda mara tatu bila mwenye nyumba kusema neno.

Basi nikaamua kununua. Sake ilinifaa: kilomita ishirini na kitu kutoka Goma, chukudu na magari vinapita, ukienda Masisi hapo ndipo unaiacha barabara ya Minova. Komisioneri, dalali wa viwanja, alinionyesha parseli nyingi, na zote zilikuwa na bei ambayo mwalimu mvumilivu angeifikia. Ilinishangaza, mpaka nilipoanza kuzungumza na majirani. Ya kwanza muuzaji alikuwa na karatasi ya shefu, lakini kaka zake wawili walikuwa kambini na hawakuwa na habari. Ya pili iliachwa na familia iliyokimbia miaka ya tisini, na aliyekuwa akiiuza aliikuta tupu. Ya tatu ilikuwa na hati ya Serikali, safi kabisa, na mama mzee aliyelima maharage ndani yake aliyesema amezaliwa hapo. Urahisi wa bei ulikuwa sehemu ya kesi ambayo ningeinunua pamoja na udongo. Nilipata moja hatimaye, baada ya wenye mipaka yote kutia kidole, na ilinigharimu zaidi kuliko zile tatu.

Februari 2024 mapigano yalifika Sake na watu wakakimbilia Goma. Nikawa mpangaji tena, mwenye parseli. Garanti niliyoombwa Goma ilikuwa ya miezi sita, ingawa sheria ya 31 Desemba 2015 inasema isizidi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Niliikumbusha sheria hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua kuna wengine watatu mlangoni. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-Centre, kisha Sake, kisha Goma. Benki zikafungwa, kambi za pembezoni mwa mji zikavunjwa mwezi uliofuata, waliokuwa na uwezo wakavuka mpaka. Nyumba zikawa nyingi kuliko fedha, mwenye nyumba wangu akashusha kodi mwenyewe, na mimi, ambaye mshahara wangu ulikuwa umefungiwa benki, nikajikuta tena Mubi ya 2010.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nyumba za Masisi na Walikale zinamudika, nitakujibu kwamba kupanga ni rahisi pale tu kazi ilipokufa, na kununua ni rahisi pale tu mwenye haki hayupo. Anayeweza kungoja, apange. Asiyeweza kungoja, awaite ndugu wa muuzaji, wenye mipaka na shefu siku moja, palepale shambani, kabla dola hazijatoka mfukoni, na karatasi ya Serikali aitafute baada ya hapo.