Ubavu Haufungwi Kanga

Ndugu msomaji, weka mkono ubavuni uvute pumzi. Umesikia mbavu zinavyoinuka? Upande mmoja ziko 12, upande wa pili 12. Mwanamume anazo 24 na mwanamke anazo 24. Wanaosema mwanamume amepungukiwa mmoja hawajahesabu. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka nilipoumia.

Nilikuwa natoka mashineni na baiskeli, nyuma nimefunga gunia la unga. Kwenye mteremko breki zikakatika. Nikaanguka, usukani ukanipiga ubavuni. Nikasikia "ta!" kama kijiti kikavu.

Jirani mmoja alisema mfupa uliovunjika lazima ufungwe. Basi nikafungwa kanga mbili kifuani, zikakazwa sana. Maumivu yakapungua, nikamshukuru. Lakini nilikuwa napumua kidogo kidogo, na kikohozi nikakizuia. Siku ya nne nikashikwa na homa kali na kutoa kohozi zito. Nikapelekwa zahanati kwa baiskeli ile ile, safari hii ikisukumwa.

Mganga alizifungua kanga kabla hajaniuliza jina. Kisha akanieleza. Mguu ukivunjika unaweza kuulaza. Ubavu haulali hata usiku. Nyuma, kila ubavu umeungana na uti wa mgongo kwa viungo vidogo. Mbele, mbavu saba za juu za kila upande zimeshikwa kwenye mfupa wa kidari na gegedu, ule mfupa laini ambao watoto hugombania kuutafuna tukichinja mbuzi. Tatu zinazofuata hushikana na gegedu la ubavu ulio juu yake. Mbili za mwisho hazishiki kitu mbele. Ukivuta pumzi, mbavu huinuka kama utambo wa ndoo, kifua kikapanuka. Zangu zilifungwa, mapafu hayakujaa hewa, kohozi likakaa humo. Nikapata homa ya mapafu.

Nilipewa dawa ya vijidudu na ya maumivu. Nikaambiwa nivute pumzi ndefu mara kwa mara mchana kutwa, na nikitaka kukohoa nikumbatie mto ubavuni. Iliuma, msomaji, nisikufiche. Lakini homa ilishuka, na baada ya wiki sita hivi ubavu ulikuwa umeunga.

Si kila kichomi ni ubavu uliovunjika. Mwenye kukohoa sana au kubeba mizigo mizito huweza kuumwa pale gegedu linaposhika kidari. Ukipabonyeza kwa kidole panauma. Hayo hupona polepole ukipunguza kazi nzito. Lakini kifua kikibana kama kimekandamizwa na jiwe, maumivu yakaenda mkononi au tayani, na jasho likatoka, huenda ni moyo. Usingoje kuche.

Tena mbavu za chini zinafunika ini upande wa kulia na bandama upande wa kushoto. Ukipigwa hapo, kisha ukaona kizunguzungu au tumbo likauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nenda pia ukikosa pumzi au ukikohoa damu. Kanga acha nyumbani.